Je, Wajua? “Huenda” ya Kiingereza Ina Uzito Gani?

Kiingereza ndiyo lugha ya rubani na mnara wa kuongozea ndege. Ndiyo lugha ya karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, ya ripoti za tabianchi, na ya mikataba mingi inayosainiwa Nairobi na Dar es Salaam. Kila siku inatuambia yatakayotokea, yanayoweza kutokea na yanayotarajiwa kutokea, kwa vineno vidogo ambavyo jicho huviruka. Safu ya leo ni ya vineno hivyo. Vinastahili kusomwa kwa makini, maana watu wamekufa kwa sababu vilieleweka vibaya.

Je, wajua kwamba kitenzi cha Kiingereza hakina umbo lake la wakati ujao? Kina umbo la sasa na la wakati uliopita, basi. Ili kutaja yajayo, msemaji huazima: “will”, “shall”, “going to”, na mara nyingi wakati uliopo wenyewe. Mwingereza akitumia kitenzi cha sasa kusema kwamba treni inaondoka kesho saa kumi na mbili, hakisii chochote. Anasoma ratiba.

Je, wajua kwamba “will” asili yake ni kutaka? Katika Kiingereza cha kale kilikuwa kitenzi cha kutaka, na hadi leo hati ya wasia huitwa kwa neno hilohilo, kwa kuwa ni matakwa ya marehemu. “Shall” nalo lilikuwa neno la deni: kuwiwa, kupaswa. Mswahili hana haja ya kushangaa. Kiambishi chetu -ta- kimetokana na -taka, na mzizi mzima bado unaonekana katika “atakayekuja” na “watakaofika”.

Je, wajua kwamba kanuni mashuhuri ya “shall” na “will” iliwekwa na mwanahisabati? John Wallis, profesa wa jiometri wa Oxford, alichapisha sarufi ya Kiingereza mwaka 1653, na aliiandika kwa Kilatini. Alisema nafsi ya kwanza itumie “shall” kutabiri, na nafsi ya pili na ya tatu zitumie “will”. Ukivigeuza, unakuwa umeahidi au umetisha. Walimu wa shule waliishikilia kanuni hiyo kwa karne nyingi, huku watu wa Scotland, Ireland na Marekani wakiendelea kusema walivyozoea. Vitabu vya zamani vya sarufi vilitunga hata kisa cha mgeni aliyekuwa akizama mtoni. Alilia kwamba atazama na hakuna atakayemwokoa, lakini alibadilisha nafasi za vitenzi hivyo viwili. Waingereza waliosimama ukingoni wakaelewa kwamba ameazimia kufa na anakataza asiokolewe.

Je, wajua kwamba “going to” ni kwenda kweli? Matumizi yake ya kutaja yajayo yanaonekana katika maandishi ya tangu karne ya 15. Sisi nasi tulikichukua kitenzi cha kwenda tukapata “huenda”. Tofauti ni kwamba sisi tulipata shaka, wao wakapata karibu hakika. Mwingereza akiona wingu zito juu ya kichwa chake atatumia “going to” kuitaja mvua, kwa sababu dalili iko mbele ya macho. Simu ikilia ghafla naye akaamua palepale kuipokea, atatumia “will”.

“Might” lilikuwa wakati uliopita wa “may”, kama “should” kwa “shall” na “would” kwa “will”. Leo yote matatu hutumika kwa mambo ambayo bado hayajatokea. Kilichokuwa kurudi nyuma kwa wakati kimegeuka kurudi nyuma kwa uhakika: kadiri kitenzi kinavyosogea mbali na sasa, ndivyo msemaji anavyojiondoa kwenye ahadi. Naona hilo ni moja ya mambo ya kupendeza zaidi katika sarufi ya Kiingereza.

Je, wajua kwamba “may” hubeba ruhusa na uwezekano kwa pamoja? Ukiandikiwa kwamba mkurugenzi “may not” kuhudhuria kikao, huenda maana yake ni kwamba pengine hatafika, na huenda maana yake ni kwamba amekatazwa. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, limelimaliza tatizo hilo ndani ya nyaraka zake: “may” ni ruhusa tu, na uwezekano huandikwa kwa “can”.

Je, wajua kwamba sentensi yenye “must” ni dhaifu kuliko isiyo nalo? Mwanaisimu Lauri Karttunen alilionyesha hilo mwaka 1972. Mtu akikuambia John yuko nyumbani, amemwona au ana habari kamili. Akikuambia John “must” kuwa nyumbani, ameona taa inawaka akaunganisha mambo. Neno linalosikika kama amri ya hakika ndilo linalofichua kwamba msemaji anakisia.

“No doubt”, yaani hapana shaka, nalo limelegea vivyo hivyo. Mwingereza akikuambia kwamba “no doubt” umechoka, anakisia tu kwa upole. “I'm sure” nalo ni hivyohivyo: mwenye uhakika kamili halihitaji. Kabla hatujawacheka Waingereza, tukumbuke “labda” yetu. Imetokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya hapana budi, hakuna njia ya kukwepa. Neno la lazima lilipovuka bahari likafika mwambao huu, likawa neno la shaka.

Je, wajua kwamba wahandisi wa intaneti walichoka na “should” hadi wakaliandikia sheria? Mtu akikwambia basi “should” kufika saa tisa, hujui kama anasema linatarajiwa kufika au anasema ndivyo inavyopaswa. Machi 1997 Scott Bradner aliandika waraka mfupi uitwao RFC 2119. Ndani yake “must” ni lazima isiyo na mjadala. “Should” ni kwamba fanya hivyo, ila ukiwa na sababu ya msingi na umepima matokeo yake unaweza kuacha. “May” ni hiari kamili. Maneno hayo huandikwa kwa herufi kubwa ili msomaji ajue hayazungumzi Kiingereza cha mtaani. Nyaraka nyingi zinazoelekeza jinsi kompyuta zinavyozungumza zimeandikwa kwa kufuata waraka huo.

Sasa tuingie palipo na damu.

Je, wajua kwamba majasusi wa Marekani waliwahi kukubaliana neno moja huku kila mmoja akiwa na maana yake? Ilikuwa Machi 1951. Yugoslavia ya Tito ilikuwa imegombana na Moscow, na Washington ilitaka kujua kama itavamiwa mwaka huo. Ofisi ya tathmini ya CIA ikatoa waraka uliosema uvamizi ni “serious possibility”, uwezekano wa kutiliwa maanani. Siku chache baadaye ofisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje akamuuliza Sherman Kent, mmoja wa wakuu wa ofisi hiyo, maneno hayo yana maana gani hasa. Kent, aliyekuwa mwalimu wa historia Yale kabla ya kazi hiyo, akajibu kwamba yeye anaona kama 65 kwa 35 kuelekea uvamizi. Ofisa yule alishtuka, kwani yeye na wenzake walielewa kiwango cha chini sana.

Kent akarudi kwa wajumbe wenzake waliokaa meza moja wakaipitisha sentensi ile. Akamuuliza mmoja mmoja alikuwa na namba gani kichwani. Mmoja alikuwa na 80 kwa 20 kwamba uvamizi utatokea. Mwingine alikuwa na 20 kwa 80. Wote walikuwa wamesaini.

Kent hakuliacha. Mwaka 1964 aliandika makala iliyotoa jedwali: “almost certain” iwe kama asilimia 93, “probable” kama 75, “chances about even” 50, “probably not” 30, na “almost certainly not” kama 7, kila moja ikiwa na nafasi ya kupanda na kushuka kidogo. Wapo wenzake waliolipinga, wakiona lugha inauawa. Kent aliwaita hao washairi, na wa upande wake akawaita wanahisabati. Mimi napenda mashairi, lakini katika jambo hili nasimama na Kent.

Je, wajua kwamba neno “fair” lilimponza Rais Kennedy? Mapema mwaka 1961 wakuu wa majeshi ya Marekani waliombwa kupima mpango wa CIA wa kuwapeleka Wakuba waliokimbia nchi yao wakampindue Fidel Castro. Ripoti yao ilisema mpango una “fair chance” ya kufaulu. Walioiandika walimaanisha kwamba kuna nafasi 3 za kufaulu dhidi ya 7 za kushindwa. Namba hiyo haikuandikwa. Wasomaji wa ngazi ya juu waliona “fair” wakasoma “nafasi nzuri”. Mpango ulibadilishwa hapa na pale, hata mahali pa kushukia pakahamishwa, lakini safari haikusimamishwa. Tarehe 17 Aprili 1961 watu wapatao 1,400 walishuka Ghuba ya Nguruwe. Katika siku tatu kila kitu kilikuwa kimekwisha: zaidi ya 100 walikufa na karibu 1,200 wakatekwa.

Leo majasusi wa Uingereza wana kipimo rasmi. “Realistic possibility” ni kati ya asilimia 40 na 50. “Likely” ni 55 hadi 75. “Highly likely” ni 80 hadi 90. Kati ya ngazi na ngazi wameacha pengo makusudi, ili mchambuzi asiumize kichwa kugombania asilimia moja. Taarifa za Wizara ya Ulinzi ya Uingereza kuhusu vita vya Ukraine tangu mwaka 2022 zimejaa maneno hayo. Mwandishi wa habari anayezitafsiri zote kwa “huenda” anawanyima wasomaji wake nusu ya habari.

Je, wajua kwamba jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, IPCC, nalo lina kamusi yake? “Likely” kwao ni asilimia 66 au zaidi, “very likely” ni 90 au zaidi, na “virtually certain” ni 99 au zaidi. Ukijua hivyo, unaweza kusoma historia nzima ya sayansi hiyo katika kivumishi kimoja. Kuhusu mkono wa binadamu katika ongezeko la joto duniani, ripoti ya 2001 ilisema “likely”, ya 2007 ikasema “very likely”, ya 2013 ikasema “extremely likely”. Ya 2021 iliacha kupima ikasema jambo hilo halina utata.

Kuwa na kamusi hakutoshi. Mwaka 2009 David Budescu na wenzake walionyesha kwamba watu wakisoma sentensi za IPCC huvuta kila neno kuelekea katikati: kilichoandikwa kuwa karibu hakika wanakisoma kuwa na uhakika mdogo kuliko huo. Namba ikiandikwa ndani ya sentensi yenyewe, kando ya neno, hali huwa nafuu.

Je, wajua kwamba neno “forecast” la hali ya hewa lilichaguliwa ili kukwepa uaguzi? Robert FitzRoy, yule nahodha wa meli ya Beagle iliyomchukua Darwin, ndiye aliyekabidhiwa ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza ilipoanzishwa mwaka 1854. Oktoba 1859 dhoruba iliizamisha meli ya Royal Charter kwenye pwani ya Wales na kuua zaidi ya watu 400. FitzRoy akajenga mtandao wa telegrafu wa kuonya bandari. Tarehe 1 Agosti 1861 gazeti la The Times likachapa makadirio yake ya kwanza kwa umma. Alisisitiza kwamba hatabiri kama manabii, anatoa rai iliyotokana na hesabu na vipimo. Sisi tukaamua kuita “utabiri wa hali ya hewa”, neno lilelile la mnajimu, na kwa maoni yangu wataalamu wetu wamebebeshwa mzigo ambao FitzRoy aliukimbia.

Katikati ya miaka ya 1960 idara ya hali ya hewa ya Marekani ilianza kuwapa wananchi wake wote nafasi ya mvua kwa asilimia. Ilidhaniwa namba ingemaliza ubishi. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer na wenzake walichapisha matokeo ya swali walilowauliza watu wa New York, Amsterdam, Berlin, Milan na Athens: nafasi ya mvua ya asilimia 30 kesho ina maana gani? Wapo waliosema mvua itanyesha kwenye asilimia 30 ya eneo. Wengine walisema itanyesha kwa asilimia 30 ya siku. Jibu sahihi ni kwamba katika siku zinazofanana na hiyo, mvua hunyesha siku 3 kati ya 10. New York peke yake ndiko wengi walikopata. Namba bila kusema ni namba ya nini, nayo ni fumbo.

Tarehe 15 Oktoba 1987, Michael Fish, mtangazaji wa hali ya hewa wa BBC, aliwatoa watazamaji wasiwasi kuhusu habari za kimbunga. Usiku huo upepo mkali uliingia kusini mwa Uingereza. Watu 18 walikufa nchini humo na miti ipatayo milioni 15 ikaanguka.

Huku kwetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu kwa maneno kama “wastani hadi juu ya wastani”. Neno “msimu” lenyewe lina ndugu katika Kiingereza: “monsoon” imetokana na neno lilelile la Kiarabu, ikipitia kwa Wareno. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa wakipanga safari kwa kutarajia pepo za msimu karne nyingi kabla ya FitzRoy kuzaliwa.

Je, wajua kwamba mwaka 2016 kuna waliomlaumu mkadiriaji kwa kosa ambalo hakulifanya? Siku ya uchaguzi wa Marekani, tovuti ya FiveThirtyEight ilimpa Donald Trump nafasi ya takriban asilimia 29. Alishinda, na wengi wakasema hesabu imeaibika. Lakini jambo lenye nafasi ya asilimia 29 hutokea karibu mara 3 katika 10. Wasomaji walikuwa wameigeuza “si rahisi sana” kuwa “haiwezekani”.

Vijana wa mkeka, wanaobashiri mechi, wanaijua hesabu hii bila darasa. “Odds” za 2.50 maana yake kampuni inaipa timu nafasi ya asilimia 40, kwani 1 ukigawa kwa 2.50 unapata 0.40. Mwingereza wa kizamani ataiandika 6/4, na ni kitu kilekile. Jaribu hili: chukua mechi yenye 2.50 kwa mwenyeji, 3.20 kwa sare na 2.90 kwa mgeni. Zigeuze zote tatu kuwa asilimia, ujumlishe. Utapata karibu 105.7. Mechi haiwezi kuwa na uwezekano unaozidi asilimia 100. Kile kilichozidi ni cha kampuni.

Je, wajua kwamba angani neno “expect” si ruhusa? Mwongoza ndege akimwambia rubani “expect” njia fulani, anamwandaa tu. Rubani akiifuata kabla ya kuruhusiwa, amevunja sheria. “Roger” maana yake nimesikia, wala si kwamba nitafanya. Kwa kutii kuna neno lake, “wilco”.

Ukali huo umelipiwa. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife ulikuwa umefunikwa na ukungu. Boeing 747 ya KLM ilikuwa imesimama mwanzo wa barabara ya kurukia, na nyingine ya Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya barabara hiyohiyo. Rubani msaidizi wa KLM akasema redioni kwamba sasa wako “at take-off”. Ndege yake ilikuwa imeshaanza kukimbia. Mwongoza ndege, Mhispania, alielewa kwamba wamesimama mahali pa kuanzia, wakisubiri. Akajibu “OK”, kisha akawaambia wangoje. Lakini sekunde hiyohiyo Pan Am nao walikuwa wakizungumza, na sauti mbili zilipogongana redioni kilichoingia chumba cha marubani wa KLM baada ya “OK” kilikuwa mluzi. Watu 583 walikufa. Hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi ya hao. Tangu hapo neno “take-off” limewekewa uzio: hutamkwa wakati wa kuruhusu ndege iruke au kuifuta ruhusa hiyo, na kabla ya hapo wote husema “departure”.

Hata wenye lugha hawaelewani. Aprili 1951, katika vita vya Korea, kikosi cha Waingereza kilikuwa kimezingirwa na Wachina kwenye mto Imjin. Inasimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie alimwarifu jenerali wa Kimarekani kwamba mambo ni “a bit sticky”, yamenata kidogo. Kwa Mwingereza wa tabaka lake hicho kilikuwa kilio cha kuomba msaada. Mmarekani alielewa kwamba kuna ugumu kidogo lakini wanajimudu. Wengi wa askari waliozingirwa waliuawa au kutekwa.

Rubani Mmarekani akitangaza kwamba ndege itatua “momentarily”, anamaanisha punde si punde. Kwa Mwingereza wa kizamani neno hilo ni “kwa muda mfupi tu”, na abiria anaweza kujiuliza kama atapata nafasi ya kushuka.

Huko Marekani ya kusini na katika baadhi ya sehemu za Scotland watu husema “might could”, vitenzi viwili vya uwezekano kwa mpigo. Walimu huwasahihisha, lakini wanaisimu wamethibitisha kwamba mtindo huo una kanuni zake kamili.

Yorkshire, “happen” peke yake ni “labda”. “Hap” ni bahati, na ndilo lililozaa “perhaps”, “happen” na hata “happy”. Mwenye furaha, kwa asili ya neno, ni mwenye bahati.

Afrika Kusini, ukiambiwa jambo litafanywa “just now”, vuta kiti. Ni baadaye, tena baadaye isiyo na saa. Na Kiingereza cha Kenya kina “I'm coming” ya mtu anayekupa mgongo akielekea mlangoni. Ni “nakuja” yetu, ahadi ya kurudi, na Mwingereza mgeni hubaki akimkodolea macho.

Je, wajua kwamba Wakristo wa Uingereza walikuwa na “inshallah” yao? Waliandika herufi D.V. katika barua na matangazo ya mikutano, kifupi cha Kilatini cha Mungu akipenda, wakifuata agizo la Waraka wa Yakobo, sura ya 4. Herufi hizo zimekaribia kupotea. Waliobaki hugusa mbao: Mwingereza husema “touch wood”, Mmarekani “knock on wood”.

“Inshallah” yenyewe imeingia katika Kiingereza, ila imeingia kwa mlango wa nyuma. Tarehe 29 Septemba 2020 Joe Biden aliitumia kwenye mdahalo na Donald Trump kule Cleveland, Trump alipodai kwamba hati zake za kodi zitaonekana. Hapo ilikuwa na maana ya kwamba jambo hilo halitatokea. Mzee wa Lamu au Unguja anayesema “inshallah” amekuwekea nadhiri, akikiri kwamba mwenye mwisho wa mambo si yeye. Kuazima neno ukaacha imani iliyolibeba ni hasara.

“Expecting”, bila kutaja kinachotarajiwa, ni kuwa mjamzito. “Life expectancy” nayo haimtarajii mtu yeyote: ni wastani. Jamii ya zamani yenye wastani wa kuishi miaka 40 haikuwa jamii ya watu waliokufa wakiwa na miaka 40. Watoto wengi walikufa wachanga wakaushusha wastani, na waliovuka utoto wengi walizeeka.

Mahakamani shaka ina historia ya mtu mmoja. Reginald Woolmington, kibarua wa shamba wa miaka 21 kutoka Dorset, alimpiga mkewe risasi akasema bunduki ilifyatuka yenyewe. Jaji aliwaambia wazee wa baraza kwamba ni juu ya mshtakiwa kuthibitisha kuwa ilikuwa ajali, na Woolmington akahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 baraza la juu kabisa la rufaa Uingereza lilitengua hukumu: mzigo ni wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho, na hauna budi kuvuka kila shaka yenye mantiki. Aliachiwa huru. Kanuni hiyo ndiyo iliyomo katika Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, kifungu cha 3. Kwa kesi za madai kipimo ni mizani: upande wenye uzito zaidi, hata kwa unyoya, hushinda.

Je, wajua kwamba makampuni ya Marekani yana kinga ya kisheria ya kutarajia vibaya? Sheria ya mwaka 1995 inayalinda dhidi ya kesi za wawekezaji pale makadirio yao yanaposhindwa, mradi yawe yametoa tahadhari ya kutosha. Ndiyo maana ripoti zao huwa na aya ndefu inayoorodhesha vitenzi: “anticipate”, “believe”, “expect”, “may”. Ukikutana na aya hiyo, ujue wakili ameshapita hapo kabla yako.

Na hili lichukue nyumbani. Je, wajua kwamba kwenye karatasi za dawa zinazofuata utaratibu wa Ulaya, kila neno la madhara lina kiwango? “Very common” ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10. “Common” haizidi mtu 1 kati ya 10. “Uncommon” haizidi 1 kati ya 100, “rare” haizidi 1 kati ya 1,000, na “very rare” haizidi 1 kati ya 10,000. Uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba watu wakipewa maneno matupu hukadiria hatari kuwa kubwa kuliko ilivyo, na mgonjwa aliyeogopa anaweza kuacha dawa inayomponya. Kwa hiyo ukifungua boksi, tafuta namba kando ya neno. Usipoiona, muulize mfamasia swali moja kabla hujatoka dukani: ni watu wangapi, kati ya wangapi?